Zeolaiti na Maji ya Samaki: Kazi Inayoiweza na Isiyoiweza

Matini ya mazungumzo kwa vikundi vya wafugaji wa samaki wa Lodwar na Kakuma



Mada ya leo ni maji. Si maji ya kunywa wala ya kunyweshea mifugo, bali maji ambamo samaki anaishi, anakula na anajisaidia, yote mahali pamoja. Mfugaji wa mbuzi huiona samadi zizini na kuizoa. Mfugaji wa samaki hana bahati hiyo, kwa sababu uchafu unaoua samaki hauonekani kwa macho. Maji yanaweza kuwa maangavu asubuhi, na jioni samaki wakawa wanaelea matumbo juu.

Kwa kikundi kilichochanga pesa za tangi, za vifaranga na za chakula cha miezi kadhaa, jioni kama hiyo ni hasara ya msimu mzima. Ndiyo sababu wafugaji huuliza kuhusu zeolaiti, jiwe linalouzwa kwa ajili ya kusafisha maji ya samaki. Jibu fupi ni kwamba jiwe hilo linafanya kazi kweli, ila kazi yake ina mipaka, na katika maji ya Turkana mipaka hiyo ni mifinyu kuliko kwingine. Anayeijua atatumia pesa zake vizuri. Asiyeijua atanunua jiwe na bado apoteze samaki.

Sumu inatoka kwenye chakula

Samaki akila protini, sehemu ya protini hiyo hujenga mwili wake na sehemu nyingine hutoka kupitia mashavu kama amonia. Kwa hesabu wanayotumia wataalamu wa ufugaji, kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 30 huacha majini gramu 28 hivi za amonia.

Chukua mfano wa tangi la lita 2,000 lenye tilapia 100, kila mmoja akiwa na gramu 100. Hao ni kilo 10 za samaki. Wakilishwa asilimia 3 ya uzito wao, watakula gramu 300 kwa siku. Amonia itakayotoka ni gramu 8 na zaidi kidogo. Ikigawanywa katika lita 2,000, ni miligramu 4 katika kila lita, kwa siku moja tu, ikiwa hakuna kitu cha kuiondoa.

Je, miligramu 4 ni nyingi? Inategemea maji. Amonia majini ina hali mbili. Hali ya kwanza ni ya upole na haipenyi mwilini mwa samaki kwa urahisi. Hali ya pili ni kali, hupenya mashavu na kuingia kwenye damu. Kinachoamua ni kiasi gani kitakuwa kikali ni mambo mawili: joto na magadi ya maji, yaani kile kipimo kiitwacho pH. Maji ya pH 7 hayana ukali wa asidi wala wa magadi. Kadiri pH inavyopanda juu ya 7, ndivyo maji yanavyokuwa ya magadi.

Katika maji ya nyuzi 30, joto la kawaida kabisa Lodwar, hali ni hii. Kwenye pH 7, amonia iliyo kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8, ni kama asilimia 7 na nusu. Kwenye pH 9, ni karibu asilimia 45. Kipimo kikisoma miligramu 4 kwa lita, basi kwenye pH 7 amonia kali ni miligramu 0.03 tu. Kwenye pH 8 ni 0.3, na kwenye pH 9 inakaribia 1.8. Tilapia huanza kupoteza hamu ya kula amonia kali ikifika miligramu 0.08 kwa lita. Akiishi kwa muda mrefu kwenye zaidi ya miligramu 1, hufa mmoja mmoja. Akiingizwa ghafla kwenye zaidi ya miligramu 2, hufa kwa wingi.

Ushauri unaotoka sehemu zenye baridi na maji laini ni mzuri kwa sehemu hizo. Ziwa Turkana halina mto unaotoka, hivyo chumvi zinazoletwa na mito hubaki humo, na pH yake ni kama 9.2. Maji ya visima navyo hutofautiana kisima hadi kisima, na mengi yana magadi na chumvi. Wengi watakumbuka habari njema ya mwaka 2013 kuhusu hazina ya maji chini ya ardhi ya Lotikipi, na jinsi majaribio ya baadaye yalivyoonyesha kwamba maji hayo yana chumvi nyingi mno. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mfugaji wa Turkana ni kupima pH ya maji yake kabla ya kununua kifaranga hata mmoja.

Yuko samaki mmoja nchini Kenya aliyelishinda tatizo hili kwa maumbile yake. Tilapia mdogo wa Ziwa Magadi huishi kwenye maji ya pH inayokaribia 10, kwa sababu hatoi uchafu wake kama amonia bali kama yurea, ambayo haina sumu hiyo. Tilapia anayefugwa kwenye matangi hana uwezo huo. Yeye hutegemea mfugaji.

Saa mbili za hatari

Maji yakipata mbolea nyingi ya kinyesi na mabaki ya chakula, hugeuka kijani. Rangi hiyo ni mimea midogo sana ya majini, na yenyewe si adui. Ghuba ya Ferguson karibu na Kalokol ina mimea hiyo kwa wingi, na tilapia wa ziwani hustawi humo. Lakini tangi si ghuba. Mchana, mimea hiyo ikipata jua, hula hewa ya kaboni iliyomo majini na kuipandisha pH. Usiku hugeuka na kuivuta oksijeni.

Hivyo tangi la kijani lina saa mbili za hatari. Ya kwanza ni alasiri, saa tisa hadi saa kumi na moja, wakati pH na joto viko juu na amonia inakuwa kali. Ya pili ni alfajiri kabla ya jua kuchomoza, wakati oksijeni iko chini kabisa. Anayepima maji saa mbili asubuhi peke yake atapata jibu zuri la uongo. Kivuli husaidia saa zote mbili. Makuti ya mikoma juu ya tangi hupunguza joto, hupunguza mimea hiyo ya kijani, na pia hupunguza maji yanayopotea kwa jua.

Jiwe hili ni nini

Zeolaiti ni jiwe la asili linalotokana na majivu ya volkano yaliyokaa kwenye maji ya magadi kwa miaka mingi. Jina lilitolewa mwaka 1756 na mtaalamu wa madini wa Uswidi, Cronstedt, aliyeona jiwe likitoa mvuke lilipopashwa moto. Akaliita jiwe linalochemka, kwa maneno ya Kigiriki. Afrika Mashariki ina jiwe hilo. Wanajiolojia wamelikuta kwenye miamba ya Bonde la Olduvai nchini Tanzania na kwenye matabaka ya zamani ya Magadi.

Ndani ya jiwe kuna vijitundu vidogo mno, na kuta zake hushika vitu vyenye chaji chanya, kama sodiamu na ile amonia ya upole. Jiwe likikutana na amonia hiyo huishika na kuachia sodiamu. Ni kubadilishana, kama sokoni: moja inaingia, nyingine inatoka. Amonia ya upole ikipungua, ile kali nayo hupungua, kwa kuwa hali hizo mbili hufuatana.

Hapo ndipo penye mpaka wa kwanza. Biashara ya kubadilishana huenda pande zote mbili. Maji yakiwa na sodiamu nyingi, sodiamu hiyo huchukua nafasi kwenye jiwe na kuizuia amonia. Jiwe lililokwisha kushiba amonia likiwekwa kwenye maji ya chumvi, huiachia amonia irudi majini. Mfugaji anayeweka jiwe tangini, kisha akamwaga chumvi humo humo kutibu samaki wenye vidonda, anaweza kuwaua kwa amonia ambayo jiwe lilikuwa limeihifadhi. Kanuni ni moja: chumvi ikiingia tangini, jiwe litoke kwanza.

Mpaka wa pili ni kwamba jiwe halishiki vitu vyenye chaji hasi. Nitrati na fosfati, ambazo ndizo zinazofanya maji yawe kijani, hupita bila kuguswa.

Wako watu wanaotumia zeolaiti kwenye maji ya bahari, nao ni wafugaji wa matumbawe kwenye matangi ya vioo, wakiwemo wa Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya. Matumbawe kama yale ya hifadhi za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, huishi kwenye maji yenye mbolea kidogo sana, na wafugaji hao hutaka maji yao yawe vivyo hivyo. Lakini kwenye maji ya bahari, yaliyojaa sodiamu, jiwe halitegemewi kwa kushika amonia peke yake. Hutumika pia kama nyumba ya bakteria. Bakteria hao hulishwa ili wazaliane, wakivuta nitrati na fosfati kuingia katika miili yao, kisha mashine ya povu huwatoa majini. Jiwe hutikiswa kila siku na kubadilishwa baada ya wiki chache. Ni njia ya gharama, inayohitaji vipimo vya mara kwa mara. Mfugaji wa Kakuma asinunue jiwe akiamini litafanya kwenye tangi lake yale aliyosikia linafanya kwenye matangi hayo. Funzo la kuchukua kwao ni hili: kazi kubwa hufanywa na bakteria.

Hesabu ya jiwe

Kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kilo moja ya zeolaiti nzuri hushika gramu chache za amonia kabla ya kushiba. Tuseme gramu 4. Lile tangi la mfano hutoa gramu 8 kwa siku. Basi linahitaji kilo 2 za jiwe jipya kila siku, na kwenye maji ya chumvi zaidi ya hapo. Hakuna kikundi kitakachomudu gharama hiyo kwa miezi sita hadi samaki wafike sokoni.

Njia nyingine ni kubadilisha maji. Kubadilisha nusu ya tangi hilo ni kumwaga lita 1,000. Kiwango cha UNHCR ni angalau lita 20 za maji kwa mtu kwa siku, hivyo lita 1,000 ni maji ya watu 50. Mahali ambapo kina mama hupanga mitungi kwenye foleni ya bomba, ufugaji unaohitaji kumwaga maji kiasi hicho kila siku hauna nafasi.

Njia inayobaki ni bakteria, nao si lazima kununuliwa. Wapo katika mazingira. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia vizuri na mboga huipenda. Wanachohitaji ni mahali pa kushika, oksijeni na muda. Pipa lililojazwa kokoto safi au vifuniko vya chupa za plastiki, maji yakisukumwa na pampu ndogo ya sola na kupita humo mchana na usiku, ni nyumba ya kutosha. Betri ya usiku isisahaulike, kwa sababu bakteria wakikosa maji yenye oksijeni hufa. Bakteria hawa pia hutumia magadi ya maji wanapofanya kazi, na hapo maji ya Turkana yana faida, kwa kuwa hayaishiwi magadi upesi.

Pipa hilo lisioshwe kwa maji ya bomba yaliyotiwa klorini. Likijaa tope, lisuuzwe kwa maji ya tangi lenyewe, na maji hayo yapelekwe bustanini.

Jiwe linapostahili pesa zake

Bakteria huchukua wiki nne hadi sita kukomaa. Katika wiki hizo tangi jipya halina mlinzi, na ndipo vikundi vingi hupoteza samaki. Hapo zeolaiti ina nafasi yake ya kwanza: kilo chache kwenye mfuko wa wavu, mahali maji yanapopita, samaki wakiwa wachache na chakula kikiwa kidogo. Jiwe lisiwe jingi kiasi cha kuwanyima bakteria chakula kabisa, la sivyo hawatakomaa.

Nafasi ya pili ni dharura. Pampu imeharibika, au kipimo kimepanda ghafla. Acha kulisha siku hiyo, tia hewa majini, weka jiwe, na itafutwe chanzo cha tatizo.

Nafasi ya tatu ni safarini, na huenda ndiyo yenye faida kubwa kwa Turkana. Vifaranga wengi hutoka mbali, kwenye vituo vilivyo upande wa pili wa Kitale au mbali zaidi kama Sagana. Wanafungwa kwenye mifuko yenye maji kidogo na oksijeni, na safari huchukua saa nyingi juani. Ndani ya mfuko, pumzi ya samaki hujaza maji hewa ya kaboni na pH hushuka, hivyo amonia hubaki katika hali ya upole. Mfuko ukifunguliwa Lodwar, hewa hiyo hutoka, pH hupanda haraka, na amonia ya safari nzima hugeuka kali kwa dakika chache. Mfugaji huona vifaranga walifika hai na kufa mbele yake, kisha humlaumu aliyewauza.

Vijiko kadhaa vya zeolaiti iliyooshwa ndani ya mfuko hupunguza hatari hiyo. Vilevile, mfuko uelee kwenye tangi bado ukiwa umefungwa hadi joto lilingane. Ukifunguliwa, vifaranga watolewe kwa wavu mara moja, na maji ya safari yasimwagwe tangini.

Tahadhari

Kwanza, jiwe lisiokotwe tu porini kwa kuwa linafanana. Zeolaiti ni za aina nyingi. Ile inayofaa maji ya samaki huitwa klinoptilolaiti. Nyingine, erionaiti, ina nyuzi nyembamba ambazo vumbi lake likivutwa huleta saratani ya utando wa mapafu. Vijiji vya eneo la Cappadocia nchini Uturuki vilipoteza watu wengi kwa sababu hiyo. Aina hiyo ipo pia katika Bonde la Ufa. Na hata jiwe zuri lioshwe likiwa limelowa, ili vumbi lisiruke.

Pili, zeolaiti ya samaki si chujio la maji ya kunywa. Visima vingine vya Turkana vina floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, ambayo huharibu meno na mifupa ya watoto. Floraidi ina chaji hasi, na jiwe hili la kawaida haliishiki. Huko Nakuru yametumika machujio ya mkaa wa mifupa kwa tatizo hilo. Mfuko wa zeolaiti hauwezi kuchukua nafasi yake.

Jiwe likishiba

Jiwe lililoshiba linaweza kutumika tena. Hutolewa tangini, hulowekwa kwenye ndoo ya maji ya chumvi, nusu kilo ya chumvi kwa lita 10, kwa siku moja. Sodiamu huifukuza amonia. Kisha huoshwa vizuri kwa maji safi na kuanikwa juani. Maji hayo ya chumvi yasimwagwe bustanini wala karibu na kisima, kwa sababu huharibu udongo.

Lakini kwa familia yenye bustani ya gunia, kama zilivyo nyingi Kakuma na Kalobeyei, ipo njia bora zaidi. Jiwe lililoshiba amonia, ambalo halijalowekwa kwenye chumvi, ni mbolea. Likichanganywa na udongo wa gunia, huiachia amonia polepole kwenye mizizi na husaidia kushika unyevu. Maji ya tangi yenye nitrati na fosfati nayo yamwagiliwe sukuma wiki na mchicha, ilimradi si maji ya chumvi nyingi. Kile ambacho ni sumu kwa samaki huwa chakula kwa mboga, na mboga hiyo hurudi mezani pamoja na samaki.

Utaratibu wa kushika

Kwa kumalizia, kikundi kinachoanza kifuate mpangilio huu. Pima pH na chumvi ya maji kwanza, na umwone afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo akushauri kama maji hayo yanafaa. Tengeneza pipa la bakteria na liache likomae kwa samaki wachache. Lisha kile ambacho samaki wanamaliza kwa dakika chache, na kinachobaki kiondolewe. Pima amonia na pH alasiri, angalau mara mbili kwa wiki, na uandike kwenye daftari la kikundi. Weka kivuli. Kilo chache za zeolaiti zikae stoo zikiwa kavu, zikingojea tangi jipya, safari ya vifaranga au siku ya dharura.

Anayeuza jiwe ataeleza uzuri wake, na hatakuwa amesema uongo. Ila maji ya samaki hutunzwa zaidi na mkono unaopima chakula kila siku, na mkono huo hauuzwi dukani.

 Sasa ni nafasi ya maswali.